Ibilisi Hakumwambia Yesu Afanye Mazoezi



Kila Kwaresima tukifika kwenye majaribu ya jangwani, wengi wetu tunakaa kwenye lile la kwanza, la mkate. Inaeleweka, ndio kwanza tumeanza kufunga na tumbo linaongea. Mimi safari hii nimekwama kwenye la kinara cha hekalu (Mt 4:5-7). Ibilisi anampandisha Yesu juu kabisa, anamwambia ajitupe, na kama dhamana anamtolea Zaburi ya 91: malaika wapo, watampokea. Jamaa anaijua Biblia, tusimdharau. Yesu naye anamjibu kwa Kumbukumbu la Torati kwamba Mungu si wa kujaribiwa.

Kilichonikwamisha hapo ni swali la kijana mmoja wa VIWAWA, parokiani ninapofanya mwaka wangu wa kichungaji. Ana miaka 20 na anafanya sarakasi. Anaandaa video ya kutuma Montreal, Kanada, kwa Cirque du Soleil, akiomba nafasi ya kuwa msanii wao. Baada ya Misa akanivuta pembeni: "Frateri, hivi kama Mungu ameshapanga niende, si nitachaguliwa tu? Na kama hajapanga, mazoezi yote haya ya nini?" Mama yake naye ana swali lake. Amemsomesha mpaka kidato cha sita kwa kuuza vitumbua, sasa mtoto anataka kazi ya kupinduka mbele za watu. Kwake huo ni uhuni.

Nianze na mama, maana jibu lake ni fupi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anasema akili inachoka kama mwili unavyochoka, na inapumzishwa kwa mchezo na burudani. Kwa hiyo anayewaburudisha watu hatendi dhambi kwa kazi hiyo yenyewe, ilimradi asitumie maneno wala matendo machafu na ajue wakati wake. Anataja hata kisa cha Pafnusi, mzee mtakatifu wa jangwani, aliyefunuliwa kwamba mwenzake katika uzima ujao atakuwa mchekeshaji mmoja. (Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba.) Tena yupo Yohane Bosco. Akiwa bado mtoto huko Becchi, Italia, alifunga kamba kati ya miti miwili akatembea juu yake, akapiga samasoti, akatembea kwa mikono, na watazamaji walilipa kwa kusali Rozari na kusikiliza akirudia mahubiri ya asubuhi. Mama Margerita alijua yote na alimruhusu. Nimemwambia mama yetu hivyo. Hajakubali bado, ila amepunguza ukali.

Swali la kijana ndilo gumu.

Nilikwenda kumwona akifanya mazoezi, saa kumi na mbili asubuhi, ufukweni. Samasoti ya nyuma ina ngazi zake. Kwanza unajifunza kuanguka: kidevu kifuani, mgongo mviringo, mikono isitangulie kuvunjika. Penye vifaa unafungwa mkanda kiunoni wenye kamba, mwalimu anaishika mpaka mwili uzoee kujua juu ni wapi na chini ni wapi, kisha godoro nene, kisha jembamba, kisha sakafu. Wao hawana mkanda. Wana mchanga, na wenzao wawili wanaosimama pembeni tayari kukushika mgongo. Mwalimu akisema "tena", hakuna anayeuliza ni mara ya ngapi. Mnawakumbuka Ramadhani Brothers, Watanzania walioshinda America's Got Talent: Fantasy League mwanzoni mwa 2024, mmoja kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake? Dakika zile chache tulizoziona kwenye simu zina miaka ndani yake.

Na hata ukichaguliwa, hujamaliza. Cirque du Soleil ilianza Quebec mwaka 1984, na makao yake yapo Montreal, ambako wasanii wapya wananolewa kabla ya kuingizwa kwenye onyesho. Wengi wanatoka kwenye jimnastiki, wamezoea kuruka kwa ajili ya alama za waamuzi. Pale wanaanza upya: kuigiza, kucheza ngoma, kumtazama mtu aliyelipa tiketi, mpaka kujipaka rangi za uso wenyewe. Mtu mwenye medali anakaa mbele ya kioo na brashi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa sikilizeni na upande mwingine. Padre Henri Nouwen, Mholanzi aliyefundisha Yale na Harvard, mwaka 1991 aliwaona huko Freiburg, Ujerumani, warukaji wa bembea wa Afrika Kusini walioitwa Flying Rodleighs. Aliwapenda kiasi cha kusafiri nao. Kiongozi wao alimweleza siri moja: mrukaji akishaachia bembea, hafanyi kitu. Ananyoosha mikono na kusubiri. Mdakaji ndiye anayemdaka. Mrukaji akihangaika kumkamata mdakaji, wanaweza kuvunjana vifundo vya mikono.

Kumbe kijana wangu anaweza kusema, "Si ndio hivyo Frateri? Hafanyi kitu!" Ndiyo, hafanyi kitu kwa sekunde moja, baada ya miaka ya kufanya kila kitu. Mwili ambao haujafundishwa hauwezi kutulia hewani, utahangaika tu. Na tukirudi kwa Thoma (mtanisamehe, miaka mitatu ya falsafa haitoki kirahisi), Mungu na mtu hawafanyi kazi kama punda wawili wanaovuta mkokoteni mmoja, kwamba huyu akivuta zaidi yule avute kidogo. Tendo lile lile lote ni la Mungu na lote ni la kiumbe, kila mmoja kwa namna yake. Mpango wa Mungu kwa kijana huyu, kama upo huko Montreal, unapitia kwenye magoti yake saa kumi na mbili asubuhi. Haupiti pembeni.

Ndiyo maana kile kinara kimenikaa kichwani. Anachomwambia Yesu ni aruke bila kutumwa, bila maandalizi, Mungu alazimike kuonekana. Hiyo sauti tunaijua. Ndiyo inayomfanya mtu aingie chumba cha mtihani na novena tu mkononi, hajafungua daftari. Ndiyo inayobeti ada ya chuo baada ya ishara ya msalaba. Wapo wanaoingia kwenye ndoa hivyo, na niwe mkweli, wapo wanaoingia seminari hivyo. Wanaiita imani. Paulo aliwatazama wanariadha akaona kitu kingine kabisa: watu wanaojinyima na kuutiisha mwili kwa ajili ya taji linalonyauka (1 Kor 9:24-27).

Lakini sitawadanganya kwamba aliyejiandaa haanguki. Machi 2018, huko Tampa, Marekani, msanii Yann Arnaud alianguka katikati ya onyesho la Cirque du Soleil akafariki. Alikuwa na kampuni hiyo kwa zaidi ya miaka 15. Na Machi 2020, korona ilipoingia, maonyesho yao yote yalifungwa na zaidi ya wafanyakazi 4,000 wakasimamishwa kwa mkupuo. Watu walioota jukwaa hilo tangu utoto walirudi nyumbani na mabegi. Mama wa kijana wetu akiogopa, anaogopa vitu vya kweli, na mtoto asimkasirikie. Nimemshauri amalize kwanza maombi ya chuo, kisha atume video. Anaweza kufanya yote mawili. Asipochaguliwa, Mungu hatakuwa ameondoka, na magoti yake hayatakuwa yamepotea bure.

Kuna jambo moja zaidi kwenye Mathayo, nililiona juzi. Yesu anapandishwa juu mara nyingine, Kalvari. Na wapita njia wanarudia hoja ile ile ya jangwani: kama ni Mwana wa Mungu, na ashuke (Mt 27:40). Pia hapo hashuki. Mikono yake imeshanyooshwa, imefungwa kwa misumari, hana cha kushika. Luka anasimulia kwamba pumzi yake ya mwisho ilikuwa kujikabidhi mikononi mwa Baba (Lk 23:46). Hakuna malaika aliyeonekana, na watu waliokuwa chini hawakuona mkono wowote ukimdaka mpaka siku ya tatu.

Ijumaa hii kwenye Njia ya Msalaba, tukifika kituo cha kumi na mbili, tusimame hapo kidogo zaidi ya kawaida. Mwekeni humo kijana huyu na mama yake, na wale wawili wanaomshika mgongo.