Nanaa katika Bilauri

Siku za kaskazi, jua la pwani linapowaka hata baraza ya mawe ikakataa kukaliwa adhuhuri, fikira zangu huenda mbali kwa watu wa Kentucky, huko Marekani, wenye kinywaji chao cha majira ya joto kiitwacho julep, mashuhuri katika mji wa Louisville wakati wa mashindano ya farasi yaliyoanza mwaka 1875: wiski, sukari, majani ya nanaa na barafu iliyopondwa, vikatiwa katika kikombe cha fedha mpaka nje yake kikafanya ukungu mweupe.

Wiski mimi situmii. Jina hilo la julep, hata hivyo, lilinishughulisha sana, kwani asili yake ni Kiajemi, gul ikiwa ni waridi na ab ikiwa ni maji. Waarabu wakatamka julab, Wazungu wakalipokea likiwa jina la maji matamu ya kumezea dawa chungu, na hata lilipokwisha kuvuka Atlantiki waridi lilikuwa limedondoka njiani, jina likabaki mjane. Aliyeliangusha simlaumu, lakini nyumbani kwetu mrashi haujapata kukauka, na kwa hiyo nilinuia kumrejeshea msafiri huyo nguo yake ya asili.

Mara ya kwanza niliharibu. Kwa pupa ya kiu niliitia nanaa kinuni nikaitwanga kama thomu, kinywaji kikatoka rangi ya maji ya kinamasi, kichungu kama shubiri. Bibi yangu, ambaye habari za Kentucky hazijamfikia wala hazitaki, alionja kwa ncha ya ulimi, akaniuliza, “Mjukuu wangu, imekukosea nini hata ukaitesa hivi?” Kisha akachuma majani manane, akayalaza katika kitanga cha mkono wa kushoto, akayapiga kofi moja tu kwa mkono wa kulia, na chumba kizima kikanukia.

Tangu hapo mimi huchemsha kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, nikaiacha shira ipoe kabisa, kwa sababu ikiwa ya moto huipika nanaa. Barafu huifunga katika kitambaa safi nikaiponda kwa mchi. Hukamua nusu ya ndimu ishike mahali pa ukali wa wiski, kisha hutia marashi ya waridi matone matatu. La nne ni israfu: mnywaji atadhani amepewa uturi.

Jioni moja alinizuru jirani yangu, mzee wa makamo asiyependa masimulizi marefu, nami, huku nikimkabidhi bilauri iliyokwisha kutoka jasho, nikaanza kumweleza habari za Waajemi, na Waarabu, na farasi wa Louisville. Alisikiliza kwa adabu mpaka barafu ikagonga chini ya bilauri tupu.

“Sharubati hii, mwanangu,” alisema, akaninyooshea bilauri nimwongeze.