Tunakutaka, Kijana

Kuna karatasi moja ya ajabu katika michezo ya vyuo vya Marekani. Kijana wa mwaka wa mwisho wa shule ya upili anakaa mezani kwenye ukumbi wa shule, mama upande huu, kocha upande ule, kofia ya chuo kipya mbele yake. Simu zimeinuliwa. Anatia sahihi, watu wanapiga makofi, picha zinaingia mtandaoni. Karatasi yenyewe haimfungi kwa lolote. Haikifungi chuo pia, na haina hata senti ndani yake. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi kule, kiliiruhusu ili vijana wanaoenda vyuo vya Divisheni ya Tatu nao wapate siku yao ya kutia sahihi kama wale mastaa wanaoonyeshwa kwenye runinga. Ni karatasi ya kusherehekea, basi.

Nimeifikiria hiyo karatasi zaidi ya inavyostahili. Hakuna mstari wa uongo humo. Lakini siwezi kusema inasema ukweli, na hapo ndipo swali langu lilipo. Mtu akikuambia maneno ambayo kila moja ni la kweli, ukaondoka ukiamini kitu kisicho kweli, na yeye alijua utaamini hivyo, je, amekukosea?

Utauliza msee wa Nairobi anajali haya ya nini. Ni kazi. Tangu niache chuo mwaka wa pili (karo, na hadithi ni ileile unayoijua) nimeandika chochote kinacholipa: maelezo ya viatu, maombi ya kazi ya watu wengine, makala kuhusu mbwa ambao sijawahi kuwaona. Kuna kipindi mteja mmoja wa Marekani alinipa kazi ya kuandika wasifu wa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, ambao walikuwa wanatafuta vyuo. Wasifu mmoja ulinilipa pesa ya chapo madondo na chai, siku nzuri na soda juu. Ili niandike vizuri ilibidi nisome barua ambazo makocha huwatumia vijana hawa. Zote zilikuwa na joto fulani. Tunakutaka hapa. Tunaona nafasi yako. Karibu kwenye familia. Nikaanza kujiuliza, familia hii ina watu wangapi?

Ni wengi sana. Ngazi ziko hivi. Kwenye Divisheni ya Kwanza ndiko kuna timu kubwa zenye viwanja vya watu laki moja. Kwa miaka mingi timu ya juu iliruhusiwa wachezaji 85 wenye ufadhili kamili, na tangu Juni 2025, jaji Claudia Wilken alipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House, vyuo hivyo vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Divisheni ya Pili imekuwa na kiwango cha ufadhili 36 kwa timu ya futiboli, na kocha anaweza kuukata vipande ili kila mtu aonje. NAIA, chama kingine chenye vyuo vidogo vingi, kimekuwa na 24. Halafu kuna Divisheni ya Tatu, kubwa kuliko zote kwa idadi ya vyuo. Huko ufadhili wa michezo ni sufuri. Sheria inakataza chuo hata kuangalia uwezo wa kijana uwanjani kinapopanga msaada wake wa fedha, na kila mwaka chuo kinatuma hesabu kuonyesha kwamba wachezaji hawapendelewi kuliko wanafunzi wengine.

Sheria nzuri kabisa. Na bado zaidi ya vyuo 200 vya divisheni hiyo vina timu ya futiboli, na makocha wao wanazunguka nchi nzima wakitafuta vijana. Wanatafuta nini, kama hawana cha kutoa?

Wanatafuta wanafunzi wa kulipa karo. Uwanjani wanaingia watu 11 kwa wakati mmoja. Ukihesabu washambuliaji, walinzi na wapiga mateke, hata ukiwa mkarimu unafika 30 hivi. Lakini kikosi cha watu 100 au 120 si ajabu. Sasa piga hesabu na mimi, mfano tu. Chuo kimetangaza karo na malazi ya dola 50,000. Kijana anapewa tuzo ya dola 28,000 yenye jina zuri, pengine jina la rais wa chuo, kwa sababu ya alama zake za darasani. Anabaki na 22,000. Zidisha kwa wachezaji 100: milioni 2.2 kila mwaka, kutoka kwa vijana ambao wengi wao wasingejua chuo hicho kipo kama si mpira. Helmeti, mabasi na mishahara ya makocha, kwa chuo kidogo, mara nyingi havifiki hapo. Si siri kwamba katika vyuo vingi kocha hupewa idadi ya vijana anaotakiwa kuleta kila Agosti.

Ile tuzo nayo tuiangalie. NACUBO, chama cha maafisa wa fedha wa vyuo, hufanya utafiti kila mwaka, na kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye vyuo vya kibinafsi visivyotafuta faida, punguzo la wastani limepita nusu ya karo iliyotangazwa. Kwa lugha nyingine, karibu hakuna anayelipa bei iliyoandikwa. Ni Gikomba. Muuzaji anasema elfu moja mia tano, unatoka na jaketi kwa mia saba, unajiona mjanja. Tofauti ni kwamba Gikomba sote tunajua mchezo. Hakuna anayepiga picha na mamake akishika risiti ya jaketi na kuandika kwamba amebarikiwa kupata ufadhili.

Na zile 22,000 zinatoka wapi? Familia maskini inaweza kupata ruzuku ya serikali inayoitwa Pell, ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395 mwaka wa 2024-25. Kijana anayetegemea wazazi anaweza kukopa 5,500 za serikali mwaka wa kwanza. Zinabaki 9,105. Kwa miaka mingi serikali ilimruhusu mzazi akope pengo lote lililobaki, mradi historia yake ya mikopo isiwe mbovu sana. Kwa hiyo yule mama kwenye picha, anayetabasamu kando ya kofia, huenda ndiye aliyesajiliwa hasa.

Kuna mwanafalsafa anayeweza kumtetea kocha, na ni yule usiyemtarajia. Immanuel Kant, mzee aliyejulikana kwa kukataa uongo hata wa kuokoa maisha, alitoa kwenye mihadhara yake ya maadili mfano wa mtu anayefunga mizigo. Majirani wakimwona watadhani anasafiri, na hicho ndicho anachotaka wadhani. Kwa Kant huyo hajawadanganya, kwa maana hakuwahi kusema kwamba anawafichulia nia yake. Wamejidanganya wenyewe kwa macho yao.

Nimeujaribu huo utetezi kwa kocha na haumtoshi. Majirani wa Kant hawakukopa pesa kwa sababu ya ile mizigo. Halafu yule mtu wa mizigo alikuwa kwake, kimya, wakimchungulia wao. Kocha amesafiri saa tatu kwa gari, ameingia sebuleni kwa watu, amekunywa chai yao, na kazi yote iliyompeleka pale ni kufichua nia: tunakutaka. Ukishafungua mdomo kusema nia yako, huwezi tena kujificha nyuma ya haki ya kutoisema.

Na hilo neno, kutaka. Kiswahili chetu kinatofautisha kutaka na kuhitaji, ingawa mtaani tunayachanganya. Chuo kinamhitaji huyu kijana, na hilo ni kweli tupu. Watoto waliozaliwa Marekani walifika kilele mwaka 2007, zaidi ya milioni nne, kisha idadi ikaanza kushuka. Waliozaliwa 2007 walifikisha miaka 18 mwaka 2025, na baada yao foleni inapungua. Wanaume wenyewe ni wachache vyuoni, karibu wanne kwa kila wanafunzi kumi. Futiboli inaleta wanaume mia moja kwa mpigo. Kwa hiyo ndiyo, anahitajika sana. Lakini kuhitajika hivyo ni kama kiti cha matatu kinavyomhitaji abiria: yeyote atafaa, mradi tujaze tutoke. Kutakwa ni kitu kingine. Kutakwa kuna jina lako ndani. Kijana wa miaka 17, aliyeambiwa na watu wengi kwamba hatoshi, mfupi, mzito, hana kasi, anasikia neno la pili wakati anaambiwa la kwanza.

Usinielewe vibaya, mimi si kati ya wale wanaosema haya yote ni utapeli. Jeffrey Docking alipofika Adrian College kule Michigan mwaka 2005 alikuta chuo kinachoyumba. Akajenga viwanja, akaongeza timu, kila kocha akapewa kazi ya kuleta wanafunzi, na idadi ikakua karibu mara mbili. Baadaye akaandika kitabu kuhusu mbinu hiyo, akaiweka wazi kwa kila mtu. Kuna walimu pale wenye kazi leo kwa sababu ya hao wachezaji. Kuna vijana wenye digrii ambao bila mpira wasingeamka saa moja asubuhi kwenda darasani. Mimi niliyeacha chuo siwezi kuidharau sababu yoyote inayomfanya mtu amalize, hata kama ni kuogopa kocha.

Wala si kwamba habari zimefichwa. Sheria ya mwaka 1994 inavilazimisha vyuo kutangaza idadi ya wachezaji na matumizi ya kila timu. Tangu 2011 kila chuo kinachopokea fedha za misaada ya serikali lazima kiweke mtandaoni kikokotoo cha kukadiria bei halisi. Kila kitu kiko hapo, bure. Mtetezi wa mfumo atasema, basi mzazi asome! Sawa. Lakini ukweli ulioko kwenye tovuti ya serikali na joto lililoko sebuleni havishindani kwenye uwanja mmoja. Kocha anajua swali ambalo lingebadilisha kila kitu: kati ya vijana 50 mliosajili miaka mitatu iliyopita, wangapi bado wapo? Kijana hajui kwamba hilo ndilo swali. Nadhani deni la kimaadili linaanzia hapo hasa. Anayejua swali sahihi, mbele ya mtu anayeweka rehani miaka yake bila kulijua, anadaiwa jibu hata kabla hajaulizwa. Kunyamaza kwake kuna bei, na anayeilipa ni mwingine.

Na wakati mwingine hata ahadi ya paa haishikiki. Finlandia University ilirudisha futiboli mwaka 2015, ikafunga milango 2023. Birmingham-Southern ya Alabama iliteremka kutoka Divisheni ya Kwanza hadi ya Tatu, ikarudisha futiboli 2007, ikafunga Mei 2024. Hao vijana waliambiwa familia. Familia ikauza nyumba, na mkopo ukabaki na wao.

Kuna kijana mmoja, wa laini ya mbele, ambaye tuliandikiana wiki mbili nzima nikimtengenezea wasifu. Chuo kilichompa jibu kilikuwa na watu wanane kwenye nafasi yake. Nikamwuliza, kwa upole niwezavyo, kama ameiona hiyo orodha. Akasema ameiona. Anajua mwaka wa kwanza atacheza mechi za kikosi cha pili, zile za Jumapili au Jumatatu ambapo watazamaji ni wazazi na mbwa. Mamake anajua pia. Akasema wote wanaomshangaa wanadhani anataka kufika NFL, na yeye anachotaka ni asivue helmeti akiwa na miaka 17. Miaka minne zaidi. Akasema hajui kitu kingine chochote duniani ambacho anakipenda hivyo.

Hapo hoja zangu zilikwama kidogo. Huyu hakudanganywa, alinunua kwa macho mawili wazi. Lakini nikiangalia vizuri, yeye ndiye anayenipa nguvu: aliambiwa tunakutaka, akaenda mwenyewe kutafuta lile swali, akapata jibu, na bado akaenda. Kocha angempa jibu hilo sebuleni asingempoteza. Angewapoteza wengine, ndiyo, na sababu ya kunyamaza ni hao wengine.

Kisha akaniuliza kama mimi nilimaliza chuo. Nikamwandikia: bado. Akatuma emoji ya helmeti, nami nikamtumia wasifu wake, maneno 300, bila kosa hata moja la tahajia.