Ni ya Muda Tu

Swali langu ni hili: ni haki kumwambia mtu avumilie kwa sababu tu kitu kinachomsumbua ni cha muda? Hapa Nakivale neno hilo tunalisikia kila siku. Hema ni la muda, kadi ni ya muda, darasa chini ya turubai ni la muda. Mimi mwenyewe, kazi yangu ikiwa ni kukaa na vijana, nalisikia kutoka kwa wazazi wao na kutoka kwa wafanyakazi wa mashirika, wote kwa sauti ile ile ya upole. Lakini aliyenifanya nilifikirie vizuri ni daktari wa meno, Mbarara, wakati mdomo wangu uko wazi na siwezi hata kujibu.

Ni gego la chini, upande wa kulia. Wengi wetu jino likiharibika hivyo tunaling'oa. Kung'oa ni bei rahisi, kunaisha siku hiyo hiyo, na ukifika nyumbani watu wanakupa pole, mambo kwisha. Kuliokoa ndiyo kazi, na ndiyo pesa. Mimi niliweka akiba miezi mingi. Daktari alilisaga pande zote likabaki kama kijiti kifupi, akachukua umbo lake, akasema kofia ya kudumu itatengenezwa maabara, nirudi baada ya wiki mbili. Kwa sasa akanivika kofia ya muda, ya plastiki, akaibandika kwa gundi inayonukia karafuu. Na si harufu tu. Ndani ya gundi hiyo kuna yujenoli, kitu kile kile kilichomo kwenye mafuta ya karafuu, na ndicho kinachotuliza jino.

"Ni ya muda tu," akasema. "Itakusumbua kidogo."

Ikanisumbua kweli. Chai ya moto ilinipiga mpaka sikioni. Maji baridi vilevile. Ufizi ulikuwa umevimba, na ulimi, huo ndio msumbufu kuliko vyote, haukutaka kuacha kwenda pale kupapasa. Lakini hayo yote alikuwa amenitajia kabla, moja moja, na namna ya kuishi nayo. Tafuna upande wa pili. Posho na maharage sawa, sombe sawa, muwa hapana, mahindi ya kuchoma hapana, chingamu hapana kabisa kwa sababu inaweza kuing'oa. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Uzi wa kusafishia meno usiuvute kwenda juu, uchomolee pembeni. Ikidondoka, itunze uje nayo, usiibandike mwenyewe kwa gundi ya viatu. (Inaonekana kuna waliojaribu.)

Halafu akasema jambo moja ambalo halikufanana na mengine: "Ukiuma meno ukaona kofia inagusa kabla ya meno mengine, usizoee. Rudi niisage."

Usizoee! Kwetu kuzoea ni sifa. Mgeni akifika kutoka Kongo au Burundi, akalia wiki ya kwanza, tunamwambia atazoea. Akinyamaza tunasema amekomaa. Kumbe kuna maumivu ya aina mbili na tumeyapa dawa moja. Kuna yale ya kidonda kinachopona, ambayo uvumilivu unayafaa, maana yanapungua yenyewe siku kwa siku. Na kuna yale yanayotokea kwa sababu kitu kimekaa vibaya. Haya hayapungui kwa kuvumiliwa. Ukiyavumilia, taya linaanza kuuma, unajifunza kutafuna kwa kupindisha mdomo, na baada ya muda unafikiri ndivyo ulivyoumbwa. Mvumilivu hula mbivu, wazee wanasema. Sawa, lakini kwa jino gani?

Jambo la pili ni ile gundi. Ni dhaifu, na ni dhaifu makusudi. Wameifanya hivyo ili siku ya kurudi daktari aweze kuitoa kofia bila kulivunja jino. Kwa hiyo udhaifu wa kitu cha muda unaweza kuwa wa heshima kabisa, mradi kuna mtu aliyepanga kurudi kukitoa. Kadi yangu ilikuwa na tarehe imeandikwa kwa kalamu. Mtu huyo asipokuwepo, gundi ni ile ile, plastiki ni ile ile, lakini kitu kimegeuka. Nilimwuliza daktari: na maabara ikichelewa? Akasema ya wiki mbili haivaliwi mwaka. Gundi inaliwa polepole, mate yanapita chini, jino linaoza ndani ya kofia. Na kama ni jino lililotolewa neva, halitauma hata kidogo. Unakaa unamshukuru Mungu kwamba umezoea.

Ila akaongeza kwamba zipo kofia za muda za aina nyingine, za plastiki ngumu zaidi au zenye chuma ndani, kwa wagonjwa ambao inajulikana watasubiri miezi, labda ufizi au mfupa upone kwanza. Kumbe hata "ya muda" ina vipimo. Ukijua kusubiri kutakuwa kwa muda mrefu, unatengeneza ya muda iliyo imara.

Najua kuna mtu atasema jino ni jino na maisha ni maisha. Ni kweli. Vita vya Kivu havina maabara, na hakuna binadamu anayeweza kuandika kwenye kadi kwamba vitaisha baada ya wiki mbili. Anayedai tarehe hiyo kutoka kwa HCR au kwa serikali ya Uganda anadai kitu ambacho hawana. Lakini mimi sidai tarehe ya mwisho. Nauliza nani anarudi kuangalia kama kofia imekaa sawa, na kama walipotutengenezea hii ya muda walipima ule muda halisi au muda waliotamani.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958. Ina umri kuliko uhuru wa Uganda wa 1962. Na shirika lenyewe, UNHCR, au HCR kama wazee wetu wa Kongo wanavyoliita, lilianza kazi tarehe 1 Januari 1951 likiwa limepewa miaka 3 tu. Imalize kazi, lifungwe. Baadaye likawa linaongezewa miaka 5, tena 5, mpaka Desemba 2003 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaondoa kikomo na kusema liendelee mpaka tatizo la wakimbizi litatuliwe. Kuna kijana nilimsimulia hivyo akakata tamaa palepale. Mimi naona uamuzi wa 2003 ulikuwa na ukweli kuliko ile miaka 3. Watu walikubali kwamba kusubiri ni kurefu. Sasa ukishakubali hivyo, mbona darasa bado ni la turubai?

Pale kwenye benchi la kusubiri nilikaa na mama mmoja aliyekuwa na daraja la muda. Daraja ni meno matatu yaliyoungana: la katikati halina mzizi, linabebwa na majirani wawili. Ili wale majirani walibebe, ilibidi nao wasagwe, ingawa mmoja wao alikuwa mzima kabisa. Mama alisema linalomuuma zaidi ni lile zima. Nikawakumbuka wenyeji wetu wa Isingiro, ambao ardhi yao na kuni zao na maji ya ziwa tunagawana nao. Nao waliambiwa sisi ni wa muda. Mtu akizungumzia uvumilivu wa wakimbizi bila kuwataja hao, amesahau nusu ya daraja.

Narudi kwa vijana. Kuna mmoja ana miaka 19, mtoto wa jirani zetu. Familia yao ilikuwa kwenye mpango wa kupelekwa Marekani. Kesi iko mbele, walikuwa wakisema, kesi iko mbele, na kwa sababu hiyo kijana hakutaka kujiunga na useremala. Kwa nini ajifunze kutengeneza vitanda vya Nakivale wakati anaondoka? Mama yake aliuza mbuzi. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, safari zikafutwa. Wakaambiwa wasubiri. Nilipomkuta amekaa nyuma ya nyumba aliniambia, "Kaka, miye nilizaliwa wa muda."

Kumwambia mtu wa hivyo "vumilia" ni kumbandika kwa gundi ya wiki mbili. Kumwambia "sahau Marekani" nako si kweli, maana sijui, na si kazi yangu kumng'oa mtu tumaini lake ili tu tupumzike sote. Ng'oa yaishe: najua vijana waliofanya hivyo na maisha yao, wakaolewa haraka au wakatokomea Kampala, kwa sababu kungoja kumewachosha kuliko kupoteza. Siwalaumu. Kungoja bila kuangaliwa ni adhabu.

Ninachoweza ni kidogo. Nilimwambia sijui kesi yao itafika wapi, na kwamba ninapita kwao kila Alhamisi, kesi iwepo isiwepo. Alhamisi ya kwanza hakutoka ndani. Ya pili alitoka, akaniuliza useremala unachukua muda gani.

"Miezi sita."

"Na kesi ikirudi katikati?"

Nikamwambia misumari hata Marekani ipo. Akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, akasema atafikiri. Fundi amekubali kumwekea nafasi mpaka Jumatatu. Mimi Jumanne niko Mbarara.