Nasaha kwa Vijana Wenye Saiba Tseikuru

Vijana wangu, ninyi mliofungua saiba hapa sokoni na ninyi mnaokwenda chuoni na laptopu za mtumba, nina neno nanyi kuhusu Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nawasikia mkibishana. Mmoja anasema haishikwi na virusi kabisa. Mwingine anasema ni ya wataalamu wa Nairobi, haimfai mtu wa kupiga chapa barua ya chifu. Huyo wa pili namjibu upesi: simu ya Android iliyo mfukoni mwako imejengwa juu ya kiini cha Linux, na hukuhitaji digrii kuitumia. Wa kwanza ndiye anayenitia wasiwasi.

Ana sababu ya kusema vile, sikatai. Maradhi yetu huku ni ya flashi. Mwalimu analeta mtihani uchapishwe, ukichomeka unakuta folda zote zimegeuka shotikati. Kirusi hicho kimeandikiwa Windows: huficha faili za kweli na kuweka za bandia, ukibofya unakiamsha. Kwenye Linux hakipati pa kukanyaga, na faili zilizofichwa huonekana zenyewe kwa kuwa Linux haijali ile alama ya Windows ya kuficha. Unachapa mtihani, mwalimu anashukuru. Lakini kirusi bado kimo kwenye flashi. Ukimrudishia hivyo hivyo, kinakwenda kulala kwenye kompyuta za shule. Kifute kwanza.

Tena kuna hizi Windows za kuvunjwa leseni. Anayekuuzia programu ya kuivunja hukuambia uzime antivairasi kabla ya kuifungua. Hebu fikiri: mgeni anakuomba umfunge mbwa kabla hajaingia bomani, nawe unamfunga? Linux inakuondolea shida hiyo kwa sababu ni halali bila malipo. Isitoshe, Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masahihisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu mlizonunua haziwezi kupokea Windows 11, maana inadai chipu ya usalama na prosesa za karibuni. Mashine kama hiyo yenye RAM ya GB 4 inaendesha Linux Mint, moja ya aina za Linux, kwa toleo lake jepesi la Xfce, vizuri tu.

Sasa usalama wenyewe. Tangu Linus Torvalds alipoitoa Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, msimbo wake umekuwa wazi kwa kila mtu. Watu husema, basi wezi hawana pa kujificha. Mwezi Machi 2024 ilionekana kwamba wanapo. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitolea zaidi ya miaka miwili kusaidia programu ndogo ya kubana faili iitwayo xz, iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Alipoaminiwa, alipenyeza mlango wa siri. Aliyemfichua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, tena kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulichelewa karibu nusu sekunde naye akataka kujua kwa nini. Msimbo ulikuwa wazi kwa wote, lakini uliokolewa na mtu mmoja asiyepuuza jambo dogo. Uwazi unakupa ruhusa ya kuangalia. Kuangalia kwenyewe ni kazi ya mtu.

Hata hiyo Mint ninayowasifia, Februari 2016 tovuti yake ilivamiwa, na baadhi ya waliopakua siku hiyo walipewa nakala yenye mlango wa nyuma. Kwa hiyo mmoja wenu aipakue, ni karibu GB 3, alinganishe alama yake ya uhakiki na iliyotangazwa, kisha wengine wanakili kwake. Leseni inaruhusu, na mtaokoa bando. Baada ya hapo chukueni programu kwenye hazina ya mfumo wenyewe, si kwenye kila tovuti inayomeremeta. Masahihisho nayo yasiachwe hadi mwisho wa mwaka kwa kuogopa gharama ya data. Nenosiri la msimamizi abaki nalo mwenye saiba, mteja apewe akaunti ya mgeni.

Kwa kazi za kila siku sitawaficha. HELB ya mikopo ya chuo, KUCCPS ya nafasi za vyuo na eCitizen ya huduma za serikali ni mambo ya kivinjari, kwa hiyo hakuna tofauti. Barua iliyotengenezwa kwa Word huweza kuvurugika mistari ndani ya LibreOffice, programu ya kuandikia mtakayoitumia kwenye Linux. Ukituma kazi nje, itume kwa PDF. Faili za Excel zenye makro zitakusumbua. Printa usinunue kabla ya kuijaribu: washa Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uchape ukurasa mmoja, uskani mwingine. Na anayelia kwamba kompyuta ni ya Kiingereza tu ajue Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Programu huria zilituruhusu kujitafsiria bila kumpigia mtu magoti.

Lipo jambo moja ambalo hakuna mfumo utakaolitengeneza. Nimeona saiba ambapo folda ya vipakuliwa imejaa vitambulisho vya watu, vyeti vya PIN ya KRA, hata picha za hatimiliki za mashamba. Mama ametoka Kyuso kukuamini na kitambulisho chake. Mteja anayekaa baada yake anakifungua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nayo haiulizi kama unatumia Windows au Linux.

Mwenye mashine nne, tatu zitie Mint, ya nne ibaki na Windows yenye leseni ya haki kwa zile faili sumbufu. Na kila jioni, kabla hujazima, futa faili za wateja na uondoe akaunti zao kwenye kivinjari. Anza leo.