MEZANI PA BWANA HATUPIMWI KIMO

Masomo: Walawi 21:16-23, Luka 19:1-10



Katika Jumba la Makumbusho la Cairo, nchini Misri, imo sanamu ya mawe ya chokaa iliyofukuliwa kaburini huko Giza mwaka 1926. Ni ya Seneb, mtu kibeti aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Alikuwa kuhani na mwenye cheo katika jumba la mfalme. Ameketi, amekunja miguu yake mifupi, na mkewe Senetites amemkumbatia. Mahali ambapo miguu ya mtu mrefu ingening'inia, wamesimama watoto wao wawili, mvulana na msichana. Mchongaji hakuuficha ufupi wake, wala hakumfanyia mzaha. Alimwonyesha kuwa mume na baba.

Sasa tuifungue Torati. Kibeti wa ukoo wa Haruni alikatazwa kuikaribia madhabahu. Wengi husoma hapo, wakafunga kitabu. Lakini mstari wa 22 wampa haki ya kula chakula kitakatifu pamoja na ndugu zake. Mezani hakufukuzwa. Na Bwana Yesu alipomwona Zakayo mfupi juu ya mkuyu, hakumcheka. Alisimama, akamwita kwa jina lake, akaenda nyumbani kwake.

Je, sisi twawaitaje? Tuliofundisha watoto twajua kwamba jina la dhihaka huumiza kuliko fimbo. Na mama akizaa mtoto kibeti, wapo wanaonong'ona kuwa ni laana, au uchawi, au dhambi ya mama. Ndugu, si kweli. Aina inayoonekana zaidi, iitwayo akondroplasia, hutokana na badiliko la jeni moja, lililogunduliwa mwaka 1994. Yapata watoto 4 katika kila 5 wenye hali hiyo huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Hakuna wa kulaumiwa. Wala ufupi wa mifupa haupunguzi akili.

Basi, mzazi, usimfiche mtoto wako. Mlete kanisani na shuleni. Mwalimu wa Shule ya Jumapili, mpe kigoda cha kuegemeza miguu, na umwulize maswali ya umri wake, si ya kimo chake. Baba, usimwache mkeo kwa ajili ya maneno ya majirani. Nasi sote tumwite kila mtu kwa jina alilobatizwa nalo, kwa maana ndilo tuitwalo tunapokaribia meza yake Bwana.

Amina.