Kabati Limejaa, Mdomo Unasema "Sina"



Kijana mwenzangu, leo naomba tuingie chumbani kwako. Sio sebuleni wanakokaa wageni. Chumbani kabisa, hadi mbele ya kabati la nguo, lile ambalo mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa goti. Kama huna kabati, una begi chini ya kitanda au kamba iliyofungwa ukutani, nayo inahusika. Naanza na la kwangu, maana ndilo lililonitia aibu.

Likizo hii nilipofika nyumbani Dar es Salaam, Mama alinipa siku mbili tu za kupumzika. Siku ya tatu akasimama mlangoni: "Frateri, mdogo wako anamaliza shule wiki ijayo, hana pa kuweka nguo zake. Hilo kabati umelifunga miaka yote hii kama tabernakulo. Toa vitu."

Nikamjibu, "Mama, mbona nguo zangu chache tu."

Akacheka, akaenda zake jikoni.

Nikatoa zote nikazirundika kitandani. Kitanda kikapotea. Fulana za hija na makongamano ya vijana, tisa. Mashati ya vitenge vya sare: upadrisho, jubilei ya masista, arusi ya binamu, kila moja nimelivaa mara moja tu. Jinzi mbili za kidato cha sita ambazo sasa haziniingii hata kwa maombi. Sweta lenye harufu ya unyevu, limeshatobolewa na nondo (wale wadudu, sio nondo za kujengea). Suti ya mahafali. Na mashati meupe manne, moja bado lina pini za dukani.

Kwenye yale mashati meupe nikakaa chini.

Mwaka jana, likizo kama hii, kijana mmoja wa jumuiya yetu alikuja kunisalimu jioni. "Shikamoo, Frateri." Akanipa habari za mtaani, tukaongea mpira, akazungukazunguka, halafu ndiyo akasema, "Frateri, huna shati jeupe uniazime Jumapili?"

Nikajibu hata bila kufikiri: "Aisee mdogo wangu, sina."

"Haina shida, Frateri." Akaondoka.

Sikumuuliza shati ni la nini. Na nilijua kabisa kwamba Jumapili ile Baba Askofu anakuja kutoa Kipaimara. Mimi mwenyewe nilipangiwa kumbebea mitra. Likizo hii ndipo katekista ameniambia. Wavulana walitakiwa shati jeupe na suruali nyeusi. Yule kijana alikuwa amehudhuria mafundisho yote. Asubuhi ile akamwambia bibi yake tumbo linauma, akabaki ndani. Mimi nikawa nasimama pale altareni na mitra mikononi, nimevaa kanzu nzuri, na nyumbani nimeacha mashati manne gizani.

Nilipofanya uchunguzi wa dhamiri nilianza na amri ya nane: nimesema uongo. Lakini Mt. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, hakuniacha hapo. Katika mahubiri yake juu ya mali alifundisha kwamba nguo ya ziada niliyoifungia sandukuni ni mali ya yule asiye na nguo, na kwamba anayeweza kumvika mwenzake asifanye hivyo hana tofauti kubwa na aliyemvua. Yaani akanitoa amri ya nane akanipeleka amri ya saba: usiibe. Nikajitetea, "Lakini mashati nilinunua kwa hela yangu, mtumba wa Karume, risiti ya nini?" Hoja haikusimama. Mt. Thomas wa Akwino anakubali kwamba mtu anaweza kumiliki vitu kihalali, ila anaongeza kwamba katika kuvitumia aviweke kama vya wote, awe tayari kumgawia mwenye shida. Umiliki haukunipa ruhusa ya kusema "sina."

Tukumbuke pia Luka 3:11. Makutano wanamwuliza Yohane Mbatizaji, "Tufanye nini?" Ungetegemea awaambie wamfuate jangwani wakale nzige. Hapana. Anawaambia mambo ya kabati: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Hilo ndilo jibu lake la kwanza kwa watu wa kawaida, kabla hajawafikia watoza ushuru na askari. Toba yao ilianzia kwenye nguo zao.

Sasa nikuulize swali la darasani kwetu falsafa. Shati ni la nini? Aristotle alifundisha kwamba kitu unakielewa ukijua lengo lake, kile ambacho kipo kwa ajili yake. Lengo la shati ni kuvaliwa. Shati likikaa miaka minne halijavaliwa linaonekana ni shati, lakini kazi yake imesimama. Ukiliweka kwenye mwili wa mtu umelirudishia maana yake. Kwa hiyo unapopanga kabati, usijiulize tu "Naipenda hii?" Jiulize, "Inamvika nani?"

Ukijiuliza hivyo kwa ukweli, utakuta nguo nyingi zinamvika mtu ambaye hayupo. Nyingine zinamvika wewe wa zamani: ile jinzi ya kidato cha sita. Nyingine zinamvika wewe wa "siku moja": siku moja nitapungua, siku moja nitaalikwa, siku moja nitakuwa mtu mkubwa. Wewe wa leo, ambaye Mungu anamwita leo, unavaa nguo sita tu unazozungusha wiki nzima.

Hapa nitasema jambo ambalo sikutaka kuliandika. Ile suti ya mahafali niliitundika nyuma kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, na nilijua sababu. Ilikuwa ya "ikishindikana." Upadre ukishindikana, nina suti ya kwendea usaili. Tuelewane: kutoka seminarini sio dhambi, malezi yapo ili mtu apambanue, na wapo walioondoka kwa amani wakawa baba wazuri wa familia. Ila mimi sikuwa nimeiweka ili nitoke. Niliiweka ili nisiingie kabisa. Kila nilipobanwa na malezi nilikuwa nawaza, "Lakini suti ipo." Nikawa nasali na mguu mmoja mlangoni. Wewe nawe huenda unayo suti yako: shati la yule ambaye mliachana lakini hutaki kumwachia Mungu, au gauni la kwendea mahali ambapo dhamiri yako imeshakukataza. Unaweza kuungama kila mwezi na bado umeitunza vizuri, imepigwa pasi.

Basi, tufanyeje? Nakuambia nilivyofanya.

Kwanza toa zote, usichague zikiwa zimetundikwa, maana nguo ikiwa imetundikwa inajitetea. Anika juani, futa kabati kwa kitambaa kikavu, liache wazi lipate hewa, hasa kama unaishi pwani kwenye unyevu.

Pili, weka mafungu matatu: ninazovaa, nilizosahau, na ninazotunza kwa ajili ya "siku moja." Fungu la tatu lipeleke kwenye sala kabla hujalirudisha kabatini.

Tatu, nguo za kutoa zifue, zipige pasi, shona kifungo kilichotoka. Iliyochakaa kabisa ifanye dekio. Usiipe jina la sadaka. Maskini sio dampo letu. Na usitoe nguo za mama au za dada yako ukajiita mkarimu!

Nne, toa kimya. Usimpige picha unayempa. Kama hujui nani anahitaji, muulize mwenyekiti wa jumuiya; yeye anazijua nyumba.

Tano, zilizobaki zipange uzione zote: za ibada, za kazi, za nyumbani. Ukinunua moja, moja itoke. Hiyo ndiyo itakuzuia kurudi pale pale baada ya miezi mitatu.

Na wewe unayesoma ukiwa na shati moja unalolifua usiku ulivae asubuhi, sikukusemea wewe. Wewe nakuomba kitu kimoja: usiache kuja Misa kwa sababu ya nguo. Wakikutazama, aibu ni yetu.

Mt. Martini, yule askari kijana kwenye lango la Amiens, nchi ambayo leo ni Ufaransa, alikuwa bado mkatekumeni alipokata joho lake kwa upanga akampa ombaomba nusu wakati wa baridi. Usiku ule akamwona Kristo katika ndoto amevaa ile nusu. Hakubaki uchi, nusu nyingine alikuwa nayo. Na neno "kapela" linatokana na joho lile dogo, maana mahali lilipotunzwa palianza kuitwa hivyo. Sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba, lakini usiisubiri. Usisubiri hata Siku ya Maskini Duniani, ile tunayoadhimisha tangu 2017. Kuna mtu anahitaji shati Jumapili hii.

Nilienda kitubio. Kisha nikachukua mashati mawili meupe, nikaenda kwa yule kijana. Nilimkuta anamchotea bibi yake maji. Nikamwambia, "Mwaka jana nilikudanganya. Nilikuwa nayo. Nisamehe."

Akashika shati, akaligeuza kola. "Kipaimara kilishapita, Frateri."

"Najua. Katekista anasema Askofu anarudi mwakani, na jina lako hajalifuta."

Hakunijibu kama atakuja. Alisema tu, "Asante," akaliingiza ndani. Mimi sina haki ya kudai jibu. Suti nayo imeshaondoka. Kijana mwingine aliivaa kwenye usaili wiki iliyopita. Kabati sasa ni la mdogo wangu, na nguo zangu zote zinaenea kwenye begi moja.

Tusali. Bwana Yesu, uliyevuliwa nguo zako msalabani kwa ajili yetu, fungua makabati yetu na midomo yetu. Tusiseme "sina" mbele ya ndugu, wala "siku moja" mbele yako. Amina.

Nisalieni nami.

Frateri wenu