Nani Alimlipia Daktari Chakula?

Andiko: Kutoka 23:8

Wiki hii tunajiuliza swali ambalo wengi hatuliulizi tukitoka hospitali na karatasi ya dawa mkononi: je, daktari anaweza kula chakula cha kampuni ya dawa na bado akatuandikia dawa kwa haki?

Utasikia mtu akisema, "Si ni lanchi tu? Daktari wetu ni mtu mzuri." Sawa, ni mtu mzuri. Lakini soma andiko letu polepole. Onyo hilo halimlengi mtu mbaya. Linamlenga mtu anayeona vizuri. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu zawadi hufunga macho bila mwenyewe kujua.

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya madaktari zaidi ya 279,000. Waliopokea hata mlo mmoja kutoka kwa kampuni, kwa wastani usiofika dola 20, waliandika dawa ya kampuni hiyo zaidi ya wenzao. Hesabu hiyo peke yake haithibitishi kwamba ni chakula kilichowageuza. Lakini kampuni gani hulisha watu bure?

Sisi watu wa majani chai tunaelewa. Karani wa kituo akiletewa chakula na mkulima mmoja kila siku, hata asipomwongezea kilo, nani ataiamini ile mizani? Na mizani ya daktari ni nzito zaidi. Mama mchuma chai hawezi kujua kama dawa ghali inaishinda ile ya bei nafuu. Yeye hulipa tu, na karo ya mtoto inaenda.

Hapa Kenya, sheria ya 2012 kuhusu maziwa ya kopo ya watoto inawakataza watengenezaji kuwapa wahudumu wa afya zawadi. Kama mtoto mchanga analindwa hivyo, mbona baba yake mwenye presha asilindwe?

Hatusemi uache dawa, usiache. Muulize daktari kwa heshima, "Kuna ya bei nafuu inayofanya kazi hiyo hiyo?" Nanyi wapendwa mnaohudumu hospitalini na kwenye kemisti, zawadi ikija, ikataeni mapema, macho yakiwa bado yanaona. Mungu awatie nguvu. Amina.